Nilivyojenga nyumba ya waya na simenti Kagongwa, ukuta unene wa vidole viwili, na bado inakaliwa

Wakuu, habari za mihangaiko. Walio chini ya miaka sitini, marahaba, nimezipokea shikamoo zenu zote kwa mkupuo mmoja.

Humu ni mgeni wa kuandika ila si mgeni wa kusoma. Nina miaka inayokaribia tisini. Mimi nasema, mjukuu wangu anachapa kwenye simu, na nimemkataza kunirekebisha zaidi ya herufi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Mtu wa umri wangu hana faida ya kudanganya watu asiowaona.

Kilichonitoa mafichoni ni nyuzi zenu za ujenzi. Kila siku kijana analia bei ya tofali, bei ya bati, bei ya mbao.

Juzi member mmoja kaweka picha ya nyumba ya ganda jembamba la simenti na waya, ile mnaita ferrocement. Mkajaa pale mnabishana. Mmoja akaandika kwamba kitu kile kwa jua letu hakimalizi miaka mitano, na mtu mwenye akili hawezi kulaza watoto wake ndani.

Mimi nimelala ndani ya nyumba ya namna hiyo tangu kabla ya Uhuru. Kaeni vizuri niwaeleze.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kibarua karakana ya mgodi wa dhahabu Geita. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta mashine, kubeba vyuma, kushika pale fundi anaposema shika.

Kwetu ni Kagongwa. Msifikirie Kagongwa ya leo yenye malori ya mchele. Wakati ule ilikuwa maduka machache, ghala la pamba na ng'ombe wengi kuliko watu.

Nyumbani nilimwacha mke wangu Kabula, binti yetu Nkwimba aliyekuwa bado ananyonya, na mama yangu mzazi, ambaye miguu yake ilikuwa imeshaacha kazi. Mama alikuwa mtu wa kubebwa kutoka kitandani kwenda uani na kurudishwa.

Nyumba yetu ilikuwa msonge wa miti na udongo, umeezekwa kwa nyasi, kama nyumba za watu wote.

Kiangazi kimoja, mchana, upepo ukivuma, jirani alikuwa anachoma majani ya shamba lake. Cheche ikaruka. Nyasi za Agosti mnazijua, hazisubiri.

Kabula alikuwa uani. Alimweka mtoto kwa jirani, akarudi ndani kumtoa mama. Alimburuta akiwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe. Mlangoni fito zilizokuwa zinaungua zikamwangukia, akazikinga kwa mkono wa kushoto ili zisimpate mama.

Mama alitoka hana hata jeraha. Mkono wa Kabula ukaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Habari ilinifikia Geita baada ya siku kadhaa kwa mdomo wa dereva wa lori la pamba. Niliomba ruhusa, nikafika Kagongwa nikakuta duara jeusi chini. Mama alikuwa kwa jirani. Kabula na mtoto walikuwa wamekwenda kwao, Tinde.

Nikaenda Tinde.

Baba mkwe wangu, Mzee Shija, alinipokea vizuri. Nilipewa maji, nikapewa ugali na maziwa ya mgando. Hakunisema. Nilipomaliza kunawa ndipo akamwita Kabula aje aseme mwenyewe mbele yetu.

Alikuja mkono umefungwa majani na kitambaa. Hakulia.

"Baba Nkwimba," akaniambia, "mama nimemtoa. Mara ya pili sitaweza, maana mkono uliobaki ni mmoja. Chini ya nyasi sirudi."

Nikamtazama mzee, nikidhani atamkemea binti yake. Akasema taratibu tu:

"Umesikia. Mimi sijakufichia mke. Jenga nyumba isiyoungua, uje umchukue. Ukiona huwezi, ng'ombe wako wapo zizini wote, njoo uwahesabu, tusigombane."

Wakuu, kwa Msukuma maneno yale ni mazito. Kurudishiwa ng'ombe maana yake ndoa imekwisha.

Nilitoka Tinde, njia nzima nikipiga hesabu ya nyumba.

Bati lilikuwa kitu cha mwenye duka na cha misheni. Na hata ukilipata bati unahitaji mbao, na kwetu mchwa wanakula mbao kama mnavyokula karanga. Tofali la kuchoma linataka kuni, na eneo letu lilikuwa limeshafyekwa miti ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Nyumba ya udongo mtupu bila nyasi, mvua inaivunja.

Nilirudi kazini Geita sina jibu.

Hapa ndipo anaingia Fundi Musa. Huyu alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu safi, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Ndiye aliyekuwa fundi wa simenti pale mgodini. Enzi za vita alifanya kazi Tabora chini ya Mtaliano mmoja mfungwa wa vita, aliyekuwa mjenzi kwao. Mtaliano huyo alimwambia kwamba kwao wapo wanaounda hata mashua kwa simenti na waya, na inaelea. Musa hakuamini mpaka alipomwona akitengeneza tangi la maji, maana wakati wa vita vyuma havikupatikana.

Kule mgodini Musa alikuwa ametengeneza tangi la namna hiyo hiyo nyuma ya karakana. Mimi nilikuwa nakunywa maji yake kila siku, sikuwahi kujiuliza limesimamaje.

Siku moja ya mapumziko nilimweleza habari za Tinde. Akakohoa, akanipeleka pale kwenye tangi. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Likaita kama kengele.

"Unadhani unene wake ni kiasi gani?"

Nikamwonyesha shubiri moja.

Akanishika mkono, akanikunja vidole mpaka vikabaki viwili. "Hivi. Na ndani kuna maji yanayolisukuma usiku na mchana. Simenti haipendi kuvutwa, inakatika. Waya haupendi kubonyezwa, unapinda. Ukiwaozesha, kila mmoja anamsitiri mwenzake."

Nikamuuliza, kama linazuia maji kutoka, litashindwaje kuzuia mvua isiingie?

Akacheka mpaka akakohoa tena. "Sasa umeanza kuuliza kama fundi."

Kwa miezi kadhaa siku zangu zote za mapumziko zilikuwa za Musa. Alinifundisha kuchanganya: karai moja la simenti, mawili na nusu ya mchanga, maji machache kiasi kwamba ukilifinyanga donge mkononi linabaki donge. Alinifundisha kufunga waya kwa koleo mpaka vidole vikatoa sugu.

Jambo moja nawaambia vijana wa machimbo mnaosoma hapa. Nilitaka kutumia marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu, kwa sababu ulikuwa mlima mzima na ni bure. Musa alinikatalia kwa ukali, akasema una dawa ndani yake, utakula waya kimyakimya. Tumieni mchanga wa mto uliooshwa. Msije mkasema hamkuambiwa.

Nondo sikuwa na uwezo nazo. Lakini karakana ilikuwa na kamba za chuma za winchi zilizochakaa, zile za kuvutia mzigo kutoka shimoni. Zilikuwa zinatupwa. Nilimwomba bwana wa karakana, akaniandikia karatasi ya ruhusa ili nisikamatwe getini.

Kamba ile ukiifungua ndani ina nyuzi nene za chuma kigumu. Ila zimelowa grisi, na simenti haishiki kwenye grisi. Nilizichoma, nikazisugua kwa majivu na mchanga, moja moja. Kazi hiyo peke yake ilinila majuma mengi.

Waya wa kuku nilinunua roli moja moja kila nilipopata mshahara, kwenye duka la Mhindi. Simenti vilevile. Akanizoea, akawa ananiuliza, "Wewe una kuku wangapi?"

Mzigo ulipotimia nikapata lori la pamba lililokuwa linarudi tupu kupitia Katoro na Ushirombo. Nikaomba likizo ndefu. Musa hakuweza kuja, kifua kilikuwa kimembana. Alinishika mkono tu akasema, "Usiwe na haraka, simenti inajua ukiwa na haraka."

Nilikuwa na haraka.

Nilipofika Kagongwa nikaamua nijaribu kwanza kwa kitu kidogo, banda la kuku. Hilo lilikuwa wazo zuri. Nililijenga la pembe nne, kuta zimenyooka, paa bapa, kama ofisi ya karani wa pamba. Nikalipiga simenti asubuhi, jua kali likaliwakia mchana kutwa, na mimi nikafurahi kwamba linakauka upesi.

Siku ya tatu likawa limepasuka kila kona. Nyufa zimetembea kama udongo wa lambo lililokauka. Nilipolisukuma kwa mguu, ukuta mmoja ukalala.

Nilikaa chini pale. Sitaki kujifanya jasiri kwenu. Niliona ng'ombe wangu wanatoka zizini Tinde wakija mmoja mmoja.

Watu wakapita, wakaangalia. Hawakunicheka usoni, ila jioni ile nilisikia kwamba nimepewa jina, Mwenye Ganda la Yai.

Juma lilelile Kabula akaja. Hakuja kwangu, alikuja kumwona mama, kwa sababu mama alikuwa na homa na wale wawili walipendana kuliko walivyonipenda mimi. Mkono wake ulikuwa umepona, ngozi imekunjamana, vidole viwili havikunjuki vizuri.

Akatoka kwa mama, akaja kusimama kwenye banda langu la kuku lililolala. Sasa niwaambie kitu ambacho hata mimi nilikuwa nakichukulia kama jambo la kawaida tu. Kabula alikuwa mfinyanzi. Bibi yake alikuwa Msumbwa, ndiye aliyemfundisha. Vyungu vyake vilikuwa vinanunuliwa mpaka Isaka.

Akainama, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Nani alikufundisha kukausha chungu juani?"

Nikamwambia hiki si chungu, hii ni simenti.

"Ni udongo ulioloweshwa maji," akasema. "Ukiuanika juani, nje inakauka ndani bado mbichi, inagombana yenyewe kwa yenyewe. Chungu unakiweka kivulini, unakifunika majani mabichi, unakiacha kiamue chenyewe. Na hizi pembe ni za nini?"

"Nyumba ya simenti ina pembe."

"Baba Nkwimba, umewahi kuona chungu cha pembe nne?"

Alichukua kijiti, akachora duara chini, halafu akaligeuza kwa viganja hewani kama mtu anayefunika chungu mdomo chini.

"Chungu ni chembamba kuliko hiki chako. Nakijaza maji, nakibeba kichwani, sijawahi kukiwekea nguzo ndani. Kinabebwa na mviringo wake."

Wakuu, Musa alikuwa amenipa nusu ya elimu. Nusu ya pili ilikuwa nyumbani kwangu miaka yote, inapika uji.

Kabula hakurudi Tinde siku ile. Alimtumia baba yake ujumbe kwamba anabaki kwa jirani na mama, kwamba bado hajarudi kwa mume, ila kuna kazi anaisimamia.

Na aliisimamia kweli. Tulichimba msingi wa duara, upana hatua saba. Vijana wa basumba, yaani chama cha vijana wa kijiji wanaolima kwa zamu na ngoma, walikuja kubeba mawe na kuyapanga. Zile nyuzi za kamba ya winchi nilizisimika kwenye msingi upande huu, nikazipindisha juu, nikazisimika upande wa pili. Chuma kile kina spring, chenyewe kilitaka kukaa upinde. Ilikuwa kama kilijua.

Kabula alizunguka akitazama kutoka kila upande, akisema hapa pameinama, hapa pana tumbo. Jicho lake halikukosea. Tulifungua na kufunga upya mpaka akaridhika.

Kisha waya wa kuku, tabaka nne, tumeufunga kila shubiri moja. Tukaacha mlango, madirisha mawili madogo, na tundu kileleni la kutoa joto na moshi.

Kupiga simenti tulianza alfajiri. Mmoja anashikilia ubao kwa nje, mwingine anakandamiza kwa ndani mpaka ipenye kila tundu la waya. Musa alinionya: ukiacha pango ndani, umeweka mwizi, maji yatakaa humo yaule waya.

Simenti inakula mikono. Kabula alifunga ule mkono wa kushoto kwa vitambaa, akakandamiza kwa kiganja kama afanyavyo kwenye tumbo la chungu, akinisahihisha mimi niliyekuwa na mwiko.

"Unaipiga," alikuwa ananiambia. "Usiipige. Isukume."

Siku mbili tulikuwa tumemaliza. Tukaifunika yote magunia yaliyolowa, na juu ya magunia majani mabichi. Kwa majuma mawili akina mama wa kijiji walileta maji ya lambo kwa vichwa, asubuhi na jioni, magunia yasikauke. Kabula aliwalipa kwa vyungu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuhakikisha kwa ukali kwamba hakuna anayechungulia ndani.

Tulipofunua, haikuwa na ufa hata mmoja. Ilikuwa ya kijivu, ya duara, imekaa chini kama kitu kilichoota pale. Niliigonga kwa kifundo cha kidole, ikaita.

Tukaipaka chokaa nje na ndani. Nikajua nimeshinda.

Kumbe bado.

Mama yangu alikataa kuingia. Alibebwa mpaka mlangoni, akatazama ndani, akasema, "Nyumba haina nguzo, haina boriti, haina nyasi. Hili ni kaburi mmelijenga juu ya ardhi. Nizikeni nikishakufa."

Habari ikafika kwa mwanangwa, kiongozi wetu wa kijiji chini ya mtemi. Alikuwa mtu mwenye busara, lakini alikuwa na hofu yake. Akaja, akaizunguka mara mbili.

"Maduhu," akaniita jina langu, "sisemi umefanya vibaya. Lakini nikiruhusu mwanamke mzee asiyeweza kukimbia alale humo, ikamwangukia, nitamwambia nini mtemi? Ijaribiwe mbele ya watu. Ikisimama, imesimama. Ikivunjika, ivunjike ikiwa tupu."

Nikakubali. Ningekataaje?

Siku iliyopangwa Mzee Shija naye alikuwapo, katoka Tinde. Aliletewa kigoda akaketi mbali kidogo, fimbo katikati ya magoti. Alinisalimu kawaida, hakusema neno la ng'ombe wala la nyumba.

Mwanangwa aliamuru basumba wapande juu. Wakaweka ngazi. Akapanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakawa wanahesabu kwa sauti. Walipofika kumi na wanne hapakuwa na pa kukanyaga tena, wakawa wameshikana mabega kuzunguka kile kilele.

Nyumba imetulia.

Mtu mmoja kwenye umati akasema, kusimama si kitu, hata mbuzi anasimama. Wacheze.

Mwanangwa akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Kabula akampa mtoto bibi mmoja aliyekuwa karibu, akapita katikati ya watu, akaingia ndani ya nyumba. Nilimwona kupitia mlango akiketi sakafuni, katikati kabisa.

Mzee Shija aliinuka kutoka kwenye kigoda. "Kabula," akaita. "Toka huko."

"Baba," sauti yake ikatoka ndani, nzito, imekuzwa na ule mviringo, "nimeifinyanga mimi. Waambie wacheze."

Nikaingia na mimi. Nikaketi karibu yake. Akaweka ule mkono wenye kovu juu ya goti langu.

Juu wakaanza.

Wakuu, ngoma ya basumba mnaijua, si ya kubembeleza ardhi. Miguu ishirini na minane ikishuka kwa pamoja. Mle ndani ilikuwa kama ng'ombe wa kijiji kizima wanapita kichwani mwako. Meno yangu yalikuwa yanagongana. Nilitazama juu, nikitafuta ufa.

Kikaanguka kipande. Cheupe, ukubwa wa ukucha, kikatua kwenye kanga ya Kabula.

Yeye akakichukua, akakisaga kati ya vidole, akanionyesha unga.

"Chokaa," akasema.

Walicheza mpaka wakachoka wenyewe. Waliposhuka, wa mwisho akiwa chini, tukatoka. Mzee Shija alikuwa amesimama mlangoni pale pale, fimbo mkononi. Akampita binti yake, akanipita mimi, akaingia. Akaenda kuweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Alipotoka akamwambia mwanangwa, "Mimi leo nalala humu. Huyu mama yake Maduhu akiona mzee mwenzake ameamka, ataingia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee alilala, asubuhi akatoka akajinyoosha, akaomba uji. Mama akasema, basi nibebeni. Aliishi humo miaka kumi na moja.

Mzee Shija alipoaga kurudi Tinde, alinivuta pembeni akaniuliza, "Na mimi utanijengea lini?" Nilimjengea mwaka uliofuata, ghala la mtama. Kabula alisimamia.

Sasa maswali najua yanakuja, nijibu machache kabla.

Ni joto? Ndiyo, mchana wa Oktoba ganda jembamba linapata joto, sitawaficha. Lile tundu la kileleni ndilo linalookoa, na chokaa nyeupe kila mwaka. Usiku inapoa upesi kuliko nyumba ya bati.

Mvua ikinyesha unasikia? Kidogo sana, kwa bati mngekuwa mnapigiana kelele. Ila sauti zenu wenyewe ndani zinazunguka. Ukimsema mkeo kwa kunong'ona upande huu, anakusikia upande ule. Nilijifunza hilo mapema.

Kutu? Sehemu moja tu chini karibu na mlango, ambapo nilikuwa mvivu na simenti haikufunika waya vizuri. Nilibandua, nikasugua, nikajaza upya. Miaka yote hiyo ni marekebisho hayo, na kiraka kimoja pale mti wa jirani ulipoangukia.

Kabati haliegemei ukuta. Hilo kweli ni tatizo, na mpaka leo sina dawa yake.

Niliacha kazi ya mgodi baadaye nikawa fundi wa matangi na maghala, kazi iliyonisomeshea watoto wote. Kila kazi nilikuwa naitwa mimi fundi, na kila kazi kabla ya kupiga simenti nilikuwa namleta Kabula atazame waya. Wenye kazi wengine walikuwa wanashangaa, huyu mama anakuja kufanya nini? Nilikuwa nawaambia, ngojeni atazame kwanza.

Funzo langu ni hili. Wengi humu mnasubiri hela ya kujenga kama tajiri. Nawaambia, kilichonichelewesha mimi hakikuwa hela. Nilidhani ujuzi unakaa mgodini, kwa watu wenye ofisi na mashine, nikapoteza banda la kuku na nusura nipoteze ndoa, wakati mtu aliyejua kutengeneza kitu chembamba kisivunjike nilikuwa nakula naye. Kabla hujatafuta fundi wa mbali, muulize mama yako, mkeo, jirani yako, anajua nini kwa mikono yake.

Kabula alifariki miaka michache iliyopita, akiwa amelala kitandani kwake, ndani ya lile duara.

Mwaka jana walikuja vijana wa chuo, rafiki za mjukuu wangu mwingine, wanasomea uhandisi. Walipima ganda, wakapiga picha, wakapanda juu, wakakokotoa wee kwenye simu zao. Mmoja akaja na daftari akaniuliza, "Mzee, shikamoo. Tunaomba jina la engineer aliyechora hii."

Nikamwambia aandike Kabula binti Shija, mfinyanzi. Akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika, akanisomea, nikaridhika.

Wakuu, nimemaliza. Waliowahi kujenga kwa waya na simenti, tupieni uzoefu wenu hapa tujifunze, hasa mwenye dawa ya kabati. Wenye maswali ya kitaalamu ulizeni, nitajibu pole pole, maana mchapaji wangu anaenda shule.

Na nyinyi mnaobisha kwamba haidumu, Kagongwa mnaijua ilipo. Ulizieni kwa Mwenye Ganda, mtaonyeshwa. Njooni na nyundo yenu.